Mlango Juu ya Paa

Tulitoka Lubumbashi saa kumi na moja alfajiri,
mama na mimi, na mlango wa chuma
umefungwa kwa kamba juu ya Karina ya shemeji Mwepu.
Bomba la kiwanda lilisimama gizani
kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba matanga yameanuliwa.
Mama hakulitazama. Alipanga mihogo ya kuchoma mapajani,
akasema, "Polepole. Mlango una kioo."

Nyuma ya bomba, upande ambako upepo hupeleka moshi,
ardhi ina upara.
Hakuna nyasi, hakuna kichuguu.
Watoto wa shule hukatiza humo bila kufuata njia,
kwa kuwa pote ni njia.

Nimeliona jangwa kwenye televisheni:
mchanga umekunjwa vizuri kama shuka, na ngamia.
Hili letu halina ngamia.
Lina malori.
Yanapita na mabamba ya shaba, arobaini, hamsini,
kila moja linatuachia vumbi
kama chenji.

Baba alilisha tanuru miaka ishirini na sita.
Maziwa aliyopewa ya kusafisha kifua
aliyatia kwenye chupa, akatuletea sisi.
Tulikunywa.
Siku walipompa bahasha na kumwambia
kwamba ameondoka kwa hiari yake,
alihesabu noti mara tatu, akanunua matofali.
Nyumba ikapanda, kule Likasi, mpaka kwenye mabati,
naye akatangulia kabla ya mlango.
Miaka tisa nyumba imekaa mdomo wazi.

Baada ya kizuizi cha ushuru, magunia ya makala
yamejipanga foleni, majani makavu shingoni.
"Huo ndio msitu," mama akasema.
"Umeshuka barabarani unangoja wanunuzi.
Nilipoletwa bibi harusi, tulipita hapa juu ya lori,
matawi yakitupiga usoni.
Nilifika kwa mama mkwe nimechubuka shavu,
wakamshika baba yako wakidhani amenipiga."
Alicheka peke yake, kilomita nzima.
Nani aliyakata, sikuuliza.
Chai ya alfajiri ile tuliichemsha kwa makala.

Kisha upepo ukapata tundu la ufunguo.
Mlango ukaanza kulia juu ya vichwa vyetu,
sauti moja, nyembamba, isiyopumua.
Nikasimamisha gari, nikaziba tundu kwa karatasi ya muhogo.
Nilipogeuka mama alikuwa mbali, ameinama
penye kiwanja kitupu, chekundu, kisichoota kitu.
"Njoo."

Ua la zambarau. Dogo, kama kifungo cha shati.
"Hili halioti penye udongo mzuri," alisema.
"Sumu ndiyo chakula chake.
Baba yako alikuwa akiliona, anajua: chini kuna shaba."
Nikatoa simu nilipige picha.
Akaushika mkono wangu.
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
lori likapita, akangoja lipite,
kisha akaling'oa na mizizi yake,
akalitia kwenye kanga, akafunga fundo.
"Lina mdomo," akasema. "Litawaita."

Hatukuongea tena mpaka Likasi.
Nilikuwa nikihesabu viwanja vitupu kando ya njia
na kujiuliza ni vingapi vilivyokosa mtu wa kuvinyamazishia ua.
Au labda njaa ilikuwa inanifikirisha.

Fundi Kalenga aliacha bukari yake, akanawa, akapima.
Mlango umezidi vidole viwili.
"Tukate chuma?"
"Chonga ukuta," mama akasema. "Mwenyewe angechonga ukuta."

Nyundo ikaanza. Yeye akaketi kizingitini,
akavua viatu, kimoja kimoja,
akakung'uta vumbi la njia yote ile,
si nje,
ndani.